Kushuka Lualaba hadi Mnara wa Yangambi

Watu wa Kindu tunaujua mto wetu kwa upande wa juu kuliko wa chini. Reli inatufikia kutoka kusini, kupitia Kabalo na Kongolo, na anayesafiri huelekea Kasongo, Kalemie au Lubumbashi, au alipanda ndege kwenda Goma siku zilipokuwa nzuri. Maji yenyewe hayaendi huko. Yanaelekea kaskazini, na kwa miaka mingi nimeyachora ubaoni: mstari unaoanzia Katanga, unaopita kati yetu na ndugu zetu wa Alunguli, unaokata ikweta mara mbili, kisha unaingia baharini Banana. Sehemu ya mstari huo iliyo chini ya Lokandu nilikuwa nikiifundisha kwa kusoma tu.

Kilichonitoa nyumbani ni swali la darasani. Mwezi wa Novemba 2021, huko Glasgow, Rais Félix Tshisekedi na Boris Johnson, wakati huo waziri mkuu wa Uingereza, walitangaza mapatano kati ya Kongo na CAFI, mpango wa misitu ya Afrika ya Kati unaochangiwa na serikali kadhaa za nje: dola milioni 500 kwa miaka 5 ya kwanza. Miongoni mwa masharti yake, msitu unaopotea kila mwaka usizidi wastani wa miaka ya 2014 hadi 2018. Nilisoma sharti hilo pamoja na wanafunzi wa mwaka wa sita, na msichana mmoja akanyanyua mkono. “Mwalimu, huo wastani anaupima nani?” Nikamweleza habari za setilaiti. Akaniambia setilaiti inaona majani. Yeye alitaka kujua nani anapima kilicho ndani ya mti, na kinachoondoka mti ukiungua au ukioza na kuchukuliwa na maji.

Nilikuwa nimesoma kuhusu mnara wa Yangambi, mkoani Tshopo, unaopima hewa ya ukaa inayoingia na kutoka msituni. Katika bonde zima la Kongo ulikuwa wa kwanza wa aina yake. Na Yangambi iko kwenye mto uleule unaopita mbele ya shule yetu. Likizo kubwa ilipofika, mwezi wa saba, nikafunga mzigo.

Kutoka Kindu hadi Ubundu mto unapitika, kilomita zaidi ya 300 bila maporomoko ya kuzuia chombo. Nilipanda baleniere, zile mashua ndefu za mbao zenye injini, iliyojaa magunia ya mchele, madumu ya mafuta ya mawese, baiskeli, kuku na watu. Karatasi za bandarini na ada zake zilichukua asubuhi nzima, lakini sitaki kupoteza maneno juu ya hayo. Tulipoondoka jua lilikuwa kali, maji yameshuka kwa sababu ya kiangazi, na nahodha alikuwa na kijana mbele mwenye mti mrefu wa kupimia kina.

Jambo la kwanza nililoliona, nalo lilitufuata mpaka Ubundu, ni moshi. Mwezi wa saba na wa nane ndio wakati wa kuchoma mashamba kwetu. Mchele wa Maniema unajulikana hadi mbali, na mpunga huo hulimwa kwenye msitu uliofyekwa, ukaachwa ukauke, kisha ukatiwa moto. Kila baada ya mapinda machache ya mto paliinuka nguzo ya moshi upande wa kushoto au wa kulia. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mti mkubwa ukiungua, kile ulichokusanya kwa miaka 100 kinarudi hewani ndani ya juma moja, na kilichobaki kinatapakaa shambani kuwa majivu na vipande vya makaa. Nilikuwa nimelisema hilo darasani mara nyingi. Nikamwambia mama aliyekaa karibu nami juu ya magunia, ambaye mchele ule ulikuwa wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema, “Mwalimu, mpunga hauoti chini ya miti. Na watoto wangu wanasoma kwa huu mpunga.” Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani kama wale waliotia sahihi Glasgow wanalo jibu lililo tayari. Kila hesabu ya kaboni ya Maniema inamkuta mama huyu kwanza.

Usiku tuliegesha kijijini. Mzee mmoja, fundi wa mbao aliyekuwa akienda Kirundu kutengeneza mitumbwi, alikuwa amesikia mazungumzo yetu, akauliza kama ni kweli kwamba huko Ulaya hewa chafu inapakiwa melini. Nikamwambia ni kweli, Papa, na nikaeleza kadiri ninavyojua, huku watu wakisogea karibu na taa.

Katika mji wa Brevik, kusini mwa Norway, kuna kiwanda cha saruji. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa, na mawe hayo yenyewe hutoa hewa ya ukaa yanapochomwa, hata kama moto ungekuwa wa umeme mtupu. Badala ya kuiachia yote ipande angani, kiwanda hicho kinanasa takriban tani 400,000 kwa mwaka. Hewa inagandamizwa na kupozwa mpaka inakuwa kimiminika, inatiwa kwenye meli, inapelekwa pwani ya magharibi mahali panapoitwa Øygarden, na kutoka hapo inasukumwa katika bomba la kilomita 100 chini ya bahari, kisha inashindiliwa ndani ya mwamba wenye vinyweleo, mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Juu ya mwamba huo kuna tabaka la udongo mgumu usiopitisha kitu. Mwaka 2025 hewa ya kwanza iliingia huko. Awamu ya mwanzo inaweza kupokea tani milioni 1.5 kwa mwaka.

“Na ile yote nani analipa?” aliuliza mzee.

Nikamwambia: serikali yao. Bunge la Norway lilipopitisha mpango huo mwaka 2020, gharama ilikadiriwa kufikia krona bilioni 25, na karibu theluthi mbili ilichukuliwa na hazina ya nchi. Kabla ya hapo walikuwa wamelipia miaka mingi ya utafiti. Mwaka 1991 waliweka kodi juu ya hewa ya ukaa inayotolewa baharini kwenye visima vya mafuta na gesi, na mwaka 1996, pale Sleipner, kampuni yao ya mafuta ikaanza kuirudisha chini ya ardhi, takriban tani milioni moja kwa mwaka, kwa sababu kuitoa angani kungeigharimu zaidi. Mwaka 2012 kituo cha majaribio kilifunguliwa Mongstad, nacho kikaendeshwa kwa fedha nyingi za serikali. Kabla meli ya kwanza haijabeba tani ya kwanza, watafiti wao walikuwa wamelipwa kwa miaka kadhaa kujua mwamba unavyofanya kazi.

“Na huku?”

Huku, nikasema, serikali hiyohiyo ya Norway ndiyo mchangiaji mkubwa kuliko wote wa CAFI. Hewa ya viwanda vyao wanalipia kuihifadhi, na msitu wetu wanalipia usikatwe. Mzee alinyamaza, akatikisa kichwa taratibu. Kijana wa mti wa kupimia, ambaye hakuwa amesema kitu tangu Kindu, ndiye aliyeuliza kilichonikaa moyoni safari nzima: “Sasa na sisi tunalipia nini?”

Kwenye mashua ile alikuwako pia mama kutoka Goma aliyekimbilia Kindu baada ya mji wao kuangukia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025. Yeye hakuhitaji maelezo kuhusu hewa ya ukaa. Alisema kwao inaitwa mazuku. Hutoka ardhini karibu na volkano, haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hukaa mabondeni na kwenye mashimo, na usiku usipokuwa na upepo hukusanyika. Mbuzi anayeshuka kunywa maji hapandi tena. Watoto pia, alisema, akataja mtaa wao.

Habari ya Goma inafaa kukumbukwa na kila anayejali utafiti wetu. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, ndicho kinachosikiliza Nyiragongo na Nyamulagira na kupima gesi zinazotoka. Kwa miaka kadhaa kiliungwa mkono na Benki ya Dunia. Msaada huo ulikoma mwaka 2020, na kwa miezi mingi kituo kikakosa hata fedha za intaneti ya kupokelea habari kutoka kwenye vipimo vyake mlimani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka bila onyo lililowafikia watu, na wasiopungua 30 wakafa. Sisemi kwamba intaneti ingezuia lava, na wataalamu wenyewe wameeleza kuwa dalili za mlipuko ule zilikuwa fupi mno. Nasema kwamba mji wa watu wengi kiasi kile ulilala chini ya mlima huku macho ya mlima yakitegemea mkataba wa mtu wa nje, na mkataba ulikuwa umekwisha.

Na karibu na Goma kuna ghala la hewa ya ukaa ambalo halikujengwa na mtu. Katika kina cha Ziwa Kivu zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za hewa hiyo, pamoja na kilomita za ujazo 60 hivi za methani, zikishikiliwa chini na uzito wa maji ya juu. Kamerun ina ziwa dogo sana la namna hiyo, Nyos. Mwaka 1986 liligeuka usiku mmoja na kuua watu zaidi ya 1,700. Maji ya Kivu hushuka kwa Ruzizi hadi Tanganyika, na ya Tanganyika hutoka Kalemie kwa mto Lukuga na kuingia Lualaba kabla ya Kongolo. Yale tuliyokuwa tukielea juu yake, nilimwambia mama yule, mengine yametoka kwenu. Alitazama maji kwa muda. “Basi yametangulia kufika,” alisema.

Chini ya Lokandu msitu unakaribia zaidi. Mito inaingia kutoka kulia, Ulindi kisha Lowa, na katikati yao vijito visivyo na jina kwenye ramani yangu. Vijito vidogo vinavyotoka chini ya miti vina rangi ya chai ya rangi, na sababu ni ileile ya chai: majani yamelowa. Kaboni ya msitu inayeyuka na kuanza safari. Mahali vinapokutana na mto mkubwa unaona mpaka kwa macho, rangi mbili zikienda ubavu kwa ubavu, kisha zinachanganyika. Niliwahi kufundisha usafirishaji wa mto kwa kutaja mchele na mawese. Kumbe mzigo mkubwa wa Lualaba haupiti bandarini.

Mzigo huo umepimwa kwenye mlango wa mto. Utafiti wa Alexandra Coynel na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba mto Kongo unapeleka baharini tani milioni 14 hivi za kaboni itokanayo na viumbe kila mwaka, sehemu kubwa ikiwa imeyeyuka ndani ya maji. Ukiigeuza kwa hesabu kuwa hewa ya ukaa, ni zaidi ya tani milioni 50. Linganisha na zile milioni 1.5 za meli za Norway. Lakini lazima niseme wazi, maana nimesikia watu Kindu wakifurahia tarakimu hizi kana kwamba ni fedha: mto hauweki akiba. Sehemu ya mzigo huo inaliwa na viumbe wadogo njiani na kurudi hewani. Mwezi wa Desemba 2013 na tena Juni 2014, watafiti wa vyuo vikuu vya Liège na Leuven pamoja na wa Kisangani walishuka kutoka Kisangani hadi Kinshasa wakichota maji na kupima gesi hatua kwa hatua. Waliona kwamba hewa ya ukaa inayotoka kwenye mto inatokana kwa kiasi kikubwa na misitu iliyofurika pembeni yake. Kazi hiyo iligharimiwa na mifuko ya utafiti ya Ulaya na ya Ubelgiji. Ilianzia Kisangani. Sehemu yetu, kutoka Kongolo hadi Ubundu, haikuwa kwenye njia ya chombo chao.

Ubundu mto unakatika. Kuanzia hapo hadi Kisangani ni maporomoko 7 ya Boyoma, na mwaka 1906 ilifunguliwa reli ya kilomita 125 kuyakwepa. Reli ipo, treni haina siku, nami nikapanda pikipiki kama wengine, miguu ikipanguswa na majani pande zote mbili. Mahali fulani njiani tulivuka ikweta. Hakuna kibao. Dereva aliposikia kwa nini nilitaka kusimama alizima injini, tukakaa kidogo kwenye kivuli, naye akaniuliza kama mstari huo unaonekana ukiwa juu kwa ndege.

Kisangani sikukaa sana. Nilikwenda chuo kikuu, UNIKIS, kwa sababu ya jina moja: Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea aliyebaki Epulu wakati wa vita akificha vielelezo vya hifadhi ya okapi, kazi iliyompa tuzo ya Goldman mwaka 2005. Yeye na wanafunzi wake ndio walioingia matopeni upande wa Kongo yetu kupima ardhi ya mboji ya Bonde la Kati. Mwaka 2017 Greta Dargie, Simon Lewis, Suspense Ifo na wenzao walikuwa wameonyesha katika jarida la Nature kwamba chini ya mabwawa ya Kongo mbili kuna kaboni inayokaribia tani bilioni 30. Vipimo vya upande wetu vilivyochapishwa mwaka 2022 viliongeza eneo hadi kilomita za mraba 167,600. Mboji hiyo ni majani na mizizi iliyokufa ndani ya maji yasiyo na hewa ya kutosha ya kuiozesha, ikajilundika kwa maelfu ya miaka. Utafiti huo uligharimiwa zaidi na baraza la utafiti wa mazingira la serikali ya Uingereza. Mwaka uleule wa 2022, mwezi wa Julai, serikali yetu ilinadi maeneo 27 ya kutafuta mafuta, mengine yakiwa juu ya mboji hiyohiyo. Mnada ulifutwa mwaka 2024. Kijana wa maabara aliyenionyesha kipande cha mboji kilichokaushwa, cheusi na chepesi mkononi, alisema walizijua habari zote mbili, mnada na kufutwa kwake, kupitia redio.

Yangambi iko kilomita 100 hivi magharibi mwa Kisangani, kwenye ukingo wa kulia ulioinuka. Nilifika kwa mashua jioni, nikapanda kilima, na nikakutana na nyumba za matofali mekundu chini ya miti mikubwa, moja baada ya nyingine, na barabara pana isiyo na magari. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Wabelgiji, ilianzishwa mwaka 1933 na hapa ndipo palipokuwa makao yake. Serikali ya kikoloni haikulipia yote hayo kwa kutupenda. Ilitaka kahawa, mpira na mawese. Lakini ililipia, kwa miaka mfululizo, na matunda yake yalikwenda mbali. Mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha Yangambi kwamba mchikichi aina ya tenera, wenye nyama nyingi na kokwa nyembamba, ni mtoto wa dura na pisifera. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yanasimama juu ya ujuzi huo. Sisi tuliokuwa na mchikichi na maabara, leo tunaagiza mafuta kutoka nje. Nilipokumbuka yale madumu ya mawese kwenye baleniere, uchungu ulinipanda kooni.

Leo mahali hapo ni pa INERA, taasisi ya taifa. Ndani ya jengo la mimea kuna vielelezo vikavu vipatavyo 150,000, vimebandikwa kwenye karatasi na kupangwa makabatini. Katika jengo jingine nilionyeshwa kitu kilichonigusa kuliko mnara wenyewe: nakala za majedwali ya uchunguzi wa miti yaliyoandikwa kwa mkono kuanzia mwaka 1937 hadi 1958. Watu walipita msituni, mti kwa mti, wakiandika ni lini umechanua, ni lini umezaa, ni lini umepukutisha majani. Miti takriban 2,000. Wengi wa waliopita hivyo walikuwa Wakongo, na majina yao hayako kwenye vitabu.  Katika miaka ya karibuni majedwali hayo yalipigwa picha, na watu wa kujitolea duniani kote wakasaidia kuyasoma kwa intaneti, kazi ikiongozwa na Koen Hufkens na kulipiwa na serikali ya Ubelgiji. Nilisimama pale nikipitisha kidole juu ya vistari vya penseli. Baada ya 1958 safu ni tupu.

Asubuhi iliyofuata fundi mmoja, kijana wa Isangi aliyesomea misitu Kisangani, alinipeleka kwenye mnara. Njia inaingia moja kwa moja msituni, mwanga unapungua, halafu ghafla unaona vyuma. Una urefu wa mita 55 na unavipita vilele vya miti. Ulijengwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ndani ya mradi wa FORETS ulioratibiwa na shirika la CIFOR, na Chuo Kikuu cha Ghent kikiongoza sayansi yake. Umekuwa ukipima tangu mwaka 2020.

Fundi hakuniruhusu kupanda bila mikanda, na mikanda ilikuwa imetumika juu, kwa hiyo alinieleza tukiwa chini, akichora ardhini kwa kijiti. Hewa juu ya msitu haitulii. Inapanda na kushuka kwa mizunguko mikubwa na midogo. Kule juu kuna kipimaji kinachosikiliza upepo kwa sauti, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kando yake kingine kinachopima kiasi cha hewa ya ukaa kwa kasi ileile. Ikiwa hewa inayoshuka ina ukaa mwingi kuliko inayopanda, msitu umebakiza kitu. Usiku hesabu inageuka, maana miti na udongo vinapumua bila jua la kutengenezea chakula. Kila nusu saa kompyuta inajumlisha. Miaka ikipita unajua kama msitu unaweka au unatoa, na unajua ulifanya nini mwaka wa ukame. Alipomaliza alifuta mchoro kwa kiatu na kusema, “Mwaka mmoja haukwambii kitu, Mwalimu. Miaka 20 ndiyo inasema.”

Hapo ndipo nilipouelewa uzito wa yale niliyoyaona njiani. Mwaka 2020 Wannes Hubau na wenzake walichapisha matokeo ya viwanja 244 vya misitu isiyoguswa katika nchi 11 za Afrika, miti ikipimwa upana wake na kupimwa tena baada ya miaka. Kwa miongo mitatu hadi 2015 kila hekta ilinyonya takriban tani 0.66 za kaboni kwa mwaka, lakini tangu karibu 2010 dalili za kupungua zilianza kuonekana. Jambo kama hilo halionekani na mtu aliyekuja kwa mradi wa miaka mitatu au minne. Linaonekana na mtu aliyebaki. Na anayebaki msituni baada ya mradi kufungwa ni fundi wa Isangi, mtunza vielelezo, mpanda miti wa Yangambi.

Sina ugomvi na Ubelgiji, Norway, Uingereza wala Umoja wa Ulaya. Bila fedha zao ningefika Yangambi nikakuta matofali peke yake. Ninachokataa ni utaratibu unaotufanya tuwe wenye msitu na wageni wa hesabu yake. Mwaka huu mapatano yanasema msitu unaopotea usizidi wastani fulani. Kesho tutaambiwa wastani umebadilika. Na siku hiyo tutabisha kwa kipimo gani? Norway haikungoja mtu ailipie kuujua mwamba wake. Kongo haina krona bilioni 25, na hakuna anayeidai kiasi hicho. Kipimo cha mti kinahitaji utepe, rangi ya kuweka alama, buti, na mshahara unaofika mwisho wa mwezi. Kipimo cha maji kinahitaji chupa, kichujio, barafu na mtu mwaminifu.

Nilimuuliza fundi kama kuna mnara kama ule Maniema. Alicheka kwa upole, akasema hata kiwanja kimoja cha kupimia miti kingekuwa mwanzo mzuri, kwa sababu msitu wa kati ya Lualaba na Lomami una udongo wake na mvua yake, na huwezi kuuhesabu ukiwa Tshopo. Akanipa karatasi yenye maelekezo: hekta moja, kamba, mti wowote wenye kipenyo kuanzia sentimita 10, upimwe kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, upewe namba, urudiwe baada ya miaka 5.

Kupanda mto ni polepole kuliko kuushuka, na nilipata nafasi ya kuandika. Kikao cha bajeti cha Bunge hufunguliwa Kinshasa tarehe 15 Septemba. Barua niliyoianza juu ya magunia ya chumvi, chini kidogo ya Lowa, inaomba wabunge wa Maniema wadai fungu moja katika bajeti ya utafiti: mishahara ya kudumu ya kikundi kidogo cha wapima miti katika mkoa wetu, na ya mtu wa kuchota maji ya Lualaba hapa Kindu kila wiki mbili, mwaka mzima, kiangazi na masika. Imetiwa sahihi na walimu wenzangu na wanafunzi wa mwaka wa sita, na nakala ya kwanza imekabidhiwa kwenye ofisi ya gavana.